Ukuta Uliotoka Jasho Kingsbury

Jamani, sogeeni, na wewe mwenye sambusa sogea nayo. Mnailalamikia baridi ya London? Hamkuiona ile ya mwaka tuliofika kutoka Kampala. Ulikuwa ukitema mate, yanafika chini yanalia ko.

Mjomba wangu alipanga duka la viungo mtaa wa Kingsbury. Kwa kuogopa baridi akaziba kila tundu la hewa kwa matambara, akawasha hita ya mafuta ya taa katikati, na nyuma ya kaunta sufuria la chai likawa linachemka tangu kufungua mpaka kufunga. Maana kwetu mteja haondoki koo kavu.

Haukupita muda, ukuta ukaanza kutoka jasho. Jasho gani, mto. Unga wa dengu uliota ndevu kumshinda babu yangu. Tukasema bomba limepasuka, tukamwita mwenye jengo.

Akaja, Mwingereza mrefu kama nguzo ya simu. Akagusa ukuta, akanusa.

"Kama ni bomba, nalitengeneza," akasema. "Kama ni nyinyi mnaoniozeshea jengo, mnatoka."

Akabandika kipande cha nailoni ukutani, akakiziba pande zote kwa utepe. Maji yakitokea nyuma yake, yanatoka ukutani. Yakikaa juu yake, ni mvuke wetu. Akasema atarudi kesho.

Mjomba alishaacha duka moja Kampala tulipofukuzwa, na bidhaa zote ndani. Hili likienda, basi tena. Hakula. Mimi nikamwomba Mungu apasue bomba. Nani mwingine amewahi kuomba hivyo?

Kesho yake nailoni ilikuwa inachuruzika upande wetu. Mwingereza akaibandua. Nyuma, kukavu kama biskuti. Mjomba akakaa juu ya gunia la mchele.

Mwenye jengo akatazama hita, akatazama matambara, akatazama sufuria.

"Mnachemsha bahari," akasema, "halafu mmeifunika. Fungueni matundu, tafuteni hita ya umeme, na hiyo chai ikome. Nakupeni mwezi. Ukuta usipokauka, nataka funguo zangu."

Mjomba akainuka, akazima moto wa chai kwa mkono wake mwenyewe. Pale kwenye kiti cha pembeni alikuwepo mzee mmoja wa Kisumu, anayekuja kila siku kujipasha moto na kunywa chai ya bure. Akachungulia kikombe chake kitupu, akamgeukia mjomba:

"Sasa bhai, ndugu yangu, unataka kunilazimisha ninunue kitu."