Ngozi ya Mwanambuzi kwenye Spika ya Lucia

Saa tatu asubuhi, Lucia Masele ameinama mbele ya spika iliyowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Anaigonga kwa ncha ya kidole, anatega sikio, anagonga tena. Muziki haujawashwa. Betri ya gari, iliyochajiwa jana kwenye mashine ya kusaga, imefunikwa kwa khanga isipigwe na jua.

"Bado imelegea," anasema kwa furaha.

Mwandishi wa makala haya, kwa umbea ule unaotulipa mshahara, anasogea kutazama. Spika ya kushoto ni ya kawaida, karatasi nyeusi mpaka ukingoni. Ya kulia imezungushiwa ukanda wa ngozi pale karatasi inaposhikana na chuma, na upande mmoja vinyweleo vyeupe bado vimeng'ang'ania. Nimeona spika za makanisani na za mikutano ya kampeni. Yenye manyoya ndiyo kwanza naiona hapa Usevya, wilayani Mpanda.

"Ni mwanambuzi," Lucia anasema. "Baba ndiye aliyemchuna. Na leo jioni huyo huyo baba ndiye ninayeshindana naye."

Hapo mwandishi akatafuta pa kukaa.

Lucia ana miaka ishirini na minne. Aliletwa huku kwetu Mpimbwe mgongoni mwa mama yake, wazazi walipohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Baba yake, Mzee Masele, ni manju, kiongozi wa ngoma anayejulikana kuanzia hapa hadi kijiji cha Mamba. Mpunga ukishavunwa, ngoma mbili huingia uwanja mmoja na kupigwa kwa wakati mmoja. Katikati humwagwa mstari wa majivu. Watazamaji huvuka huku na huku wapendavyo, na jua likizama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda.

Msichana hapewi ngoma kuipiga. Lucia akaanza kupiga kanda za dansi kwa redio ndogo kwenye harusi za majirani, watu wakacheza, akaonja. Mwaka jana alimwomba baba yake dume moja la ng'ombe aliuze anunue vyombo.

"Alicheka mpaka akakohoa," anakumbuka. "Halafu akanipa. Kwa sharti."

Sharti lenyewe halikuwa dogo. Kabla msimu wa ngoma haujafungwa, Lucia awavute watu kutoka upande wa baba yake, uwanjani, mbele ya kijiji kizima. Akishindwa, vyombo viuzwe na dume lirudi zizini kwa kaka yake, Ngolo, ambaye tangu dume hilo liuzwe ana ng'ombe mmoja wa plau na anaomba wa pili kwa majirani.

"Mimi sina ugomvi na muziki," Ngolo anasema, akipakua maboksi kutoka kwenye gari lake la ng'ombe, maana pamoja na yote ndiye anayemsombea dada yake vyombo. "Ila muziki haulimi, ndugu mwandishi."

Vyombo viliunganishwa na Bashiru, fundi redio wa mjini Mpanda, kwa shilingi elfu themanini na tano, bei ya lile dume. Fedha hiyo haikutosha deki za dukani. Bashiru akafungua redio za kanda kwenye magari mabovu, akapata mbili, ili moja ikiimba nyingine iwe inawekewa kanda. Akaongeza amplifaya ndogo ya gari na spika mbili za inchi kumi na mbili. Maboksi ni ya mninga, na ndani Lucia amejaza pamba ya shambani kwao ili sauti isigongane. Kanda anazirudisha nyuma kwa kalamu, kuokoa betri.

"Nilimwambia, dada, anza na hivi hivi," anasema Bashiru. "Wengi wanaanza kwa kutaka makubwa, wanaishia kuuza nyaya."

Ila safari ya kutoka Mpanda ilikuwa ya mvua. Turubai la lori likapasuka, spika moja ikalowa, na ilipowashwa ikatoa sauti nzito ya uvivu.

Sasa, mtoto wa manju akisikia sauti nzito ya uvivu anajua dawa yake. Ngoma ikipoa huwashiwa moto wa majani makavu, ngozi ikakaza, ikalia. Lucia alikwisha kuiona kazi hiyo mara zisizo na idadi. Akawasha majani na kuielekeza spika motoni.

"Nilidhani ngoma ni ngoma," anasema, na hapa anaziba uso kwa kiganja. "Ukingo wote ukajikunja kama dagaa kikaangoni."

Bashiru alipoletewa hakuamini. "Nimeshaona spika zilizolowa, na zilizoliwa na panya. Iliyookwa kwa makusudi ni hii tu." Mpya ilibidi iagizwe Tabora, ije kwa treni. Fedha haikuwepo.

Jumamosi iliyopita Lucia akaingia uwanjani na spika moja. Sauti ilifika kwa waliosimama mbele, wa nyuma wakabaki kuulizana kama muziki umewashwa. Kabla jua halijashuka, watu karibu wote walikuwa kwa Mzee Masele. Hata mama yake mzazi alivuka.

"Nilitamani ardhi inifunike," Lucia anasema. "Niliona vyombo vyangu vimeshauzwa."

Lakini aliyeshindwa huruhusiwa kurudia mara moja. Kesho yake asubuhi baba yake alisimama mlangoni, mkononi ana ngozi mbichi.

"Mayu, niletee hilo dude uliloliunguza," alimwambia, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Nikimshinda mtu mwenye sikio moja, nikajisifu kwa nani?"

Mzee akaikwangua ngozi kwa wembe hadi ikapitisha mwanga, akaibandika kwa gundi ya fundi viatu, akaivuta ikakaza sawasawa, kama anavyovuta ngoma zake zote. Ilipowashwa, spika ikanong'ona kama mtu aliyezibwa mdomo. Karatasi ilikosa nafasi ya kucheza.

"Nikamwambia, baba, hii inatakiwa ilegee," anasema Lucia. "Akaondoka amenuna. Siku ya tatu akarudi kuibandua."

Mzee Masele mwenyewe, akipaka samli ngoma zake ng'ambo ya uwanja, hafichi kilichomuuma. "Miaka yote hii, ngozi iliyolegea ikitoka mikononi mwangu ni aibu. Sasa nimetengeneza ya kulegea, na nimeisugua siku nzima ilegee zaidi. Nyie watu wa magazeti msiniandike vibaya."

Saa kumi jioni majivu yanamwagwa. Ngoma zinaanza, na kusema kweli ni tamu, miguu ya mwandishi inashuhudia. Lucia anawasha. Spika zote mbili zinaitika, na besi ya ile ya ngozi inasikika hadi kwenye migomba.

Vijana wanavuka kwanza. Kisha akina mama. Kisha baadhi wanarudi kwa manju, kwa kuwa ameanzisha wimbo wa kumtania binti yake kuhusu spika ya kuoka, na watu wanataka kuusikia wote. Jua linagusa miti na hakuna awezaye kusema nani yuko mbele. Ngolo amesimama pembeni, amekunja mikono, anatazama maboksi ya mninga kama anayeyapigia bei.

Ghafla ngoma kubwa inanyamaza. Mzee Masele ameitua. Anatembea, anavuka mstari bila kuutazama, anapiga magoti mbele ya spika ya kulia na kuweka kiganja kwenye ngozi. Anakaa hivyo hivyo, ngozi ikimpigapiga mkononi.

Uwanja mzima unalipuka kwa kicheko. Manju akivuka majivu, shauri limekwisha.

"Nimekuja kuangalia ngozi yangu kama haijachanika," anawaambia watu, miguu ikiwa myeupe kwa majivu. Hakuna anayemwamini, na mwandishi hakuthubutu kumuuliza mara mbili.

Lucia analia waziwazi, na bado anabadilisha kanda, kwa sababu DJ halii muziki ukakatika.

Baadaye, wakikunja nyaya, anataja mipango yake. Ameshaitwa harusi mbili Mamba na moja Mpanda mjini, kila moja elfu nane. Fedha za kwanza ni za dume la Ngolo, mvua isimkute na ng'ombe mmoja. Ngolo, akipakia, anasema atasubiri.

Mzee Masele bado anazunguka maboksi.

"Hii ya kushoto, ya karatasi," anamwambia binti yake, "kesho niletee."

"Hiyo nzima, baba."

"Sijauliza kama ni nzima."