Siku Tuliyojifungia Ndani Ardhi Ikitikisika

Ardhi ilitikisika mchana, baada ya chakula, wakati mji wote umelala. Mimi nilikuwa nimejinyoosha sakafuni kutafuta ubaridi. Mama alikuwa kwenye mkeka akipepeta mchele wa foleni ya duka la serikali, ule uliokuwa na mawe mpaka mtu akajiuliza nani aliyeuchanganya. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa kitandani. Alikuwa hatembei tena. Sisi ndio tuliomwinua, tukamgeuza, tukamlaza.

Kwanza vikombe viligongana kabatini. Nikadhani paka. Kisha ukaja mngurumo mzito kutoka chini, kama gari kubwa linapita, na kichochoro chetu hakikuwa kikipitisha hata gari la hamali. Chokaa ikaanza kumwagika kutoka darini, kidogo kidogo, juu ya mchele. Mama akauzuia ungo mikononi.

"Wamerudi," bibi akasema.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayewataja wageni waliokuwa wakingojewa.

Mama akainuka akafunga mlango. Akatia komeo la juu na la chini, akauegemeza kiti. Akafunga dirisha. Tukamshusha bibi kitandani, tukamlaza sakafuni chini ya dirisha, nasi tukakaa ubavuni pake, migongo ukutani, vichwa tumeviinamisha. Hakuna aliyemwambia mwenzake la kufanya. Miaka michache nyuma, mwaka wa mapinduzi, ndivyo tulivyokaa, mahali pale pale, nilipokuwa mtoto na risasi zikilia upande wa Ng'ambo, mitaa ya udongo iliyo nje ya mji wetu wa mawe. Mwili haukusahau. Sasa nilikuwa na miaka kumi na minane na magoti yangu yalijikunja yenyewe.

Nyumba ile ilikuwa ya babu yangu. Baada ya mapinduzi ikawa ya serikali, sisi tukaachiwa vyumba viwili vya chini, na ghorofa ikapewa familia iliyotoka Ng'ambo: mume aliyekuwa mchukuzi bandarini, mkewe, na watoto wao. Hatukugombana nao hata siku moja. Tulisalimiana ukumbini, tukapishana kisimani, tukarudi kila mtu kwake. Yule mke tulimwita mama wa juu. Yeye alimwita mama yangu Bi Mkubwa, ingawa hawakupishana sana umri.

Baba yangu alichukuliwa siku zile za mwanzo. Waligonga mlango kwa vitako vya bunduki, mama akafungua kwa sababu baba alimwambia afungue, wakamchukua akiwa na kanzu ya kulalia. Hakurudi. Hatukuambiwa yuko wapi, hatukupewa maiti. Mama hakukaa eda kwa sababu hakujua kama ni mjane. Hili nalieleza ili ieleweke kilichofuata.

Sakafu ilikuwa bado inatikisika tuliposikia miguu ya watu ikikimbia kichochoroni. Watu wakiitana. Mtoto akilia. Kisha mlango wetu ukagongwa, kwa ngumi, kwa nguvu.

"Fungueni! Fungueni, nasema!"

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja. Sikuwa nimesema kitu. Kiganja chake kilikuwa na vumbi la mchele, nikakaa nikilinusa. Mlango ukagongwa tena, komeo likacheza. Bibi alikuwa amefumba macho na midomo yake inakwenda, anasoma sura anazozijua. Nilijua, kwa sehemu fulani ya akili, kwamba watu hawatikisi nyumba nzima. Nilijua kwamba ile sauti ni ya mwanamke. Kujua huko hakukunisaidia chochote. Nilikaa.

Mtikisiko ukakoma. Kugonga nako kukakoma. Ukawa ukimya ambao ndani yake boriti za dari zilikuwa zikilia, moja huku, moja kule. Nikamsikia mtu nje ya mlango akivuta pumzi. Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyekuja kuomba moto:

"Hodi. Hodi, wenyewe."

"Karibu," bibi akajibu.

Lilimtoka tu. Maisha yake yote hakuwahi kuiacha hodi bila jibu, na waliomchukua mwanawe hawakupiga hodi. Mama akamtazama bibi, akautazama mlango. Akainuka akaondoa kiti, akafungua.

Mama wa juu alikuwa amesimama na mtoto wake mdogo kiunoni, wale wakubwa wameshakimbilia nje, amejifunga kanga moja, kichwa wazi, nywele nyeupe kwa chokaa.

"Tetemeko la ardhi hili," akasema. "Nyumba inapasuka, nanyi mmejifungia?"

Akakiona kiti. Akamwona bibi sakafuni chini ya dirisha. Hakuuliza tena. Akanipa mtoto, akageuka, akainama.

"Mpandisheni mgongoni. Upesi, Bi Mkubwa."

Tukampandisha bibi mgongoni pake, na mama akamshika kwa nyuma. Tulipopita ukumbini niliona ukuta wa upande wa uani umepasuka kutoka juu hadi chini, na mwanga wa jua unapita katikati. Nikautazama kama ninavyoutazama ukuta wa mtu mwingine.

Watu walikuwa wamekimbilia uwanjani karibu na pwani, pasipo na kuta. Sijawahi kuona tena mkusanyiko kama ule. Mwanamme mmoja alikuwa na povu la sabuni upande mmoja wa uso, ndevu nusu zimenyolewa. Mke wa sonara wa kichochoro cha pili alikuja na sufuria ya mchuzi na mwiko ndani yake, akaishika vile vile mpaka mtu alipomwambia aiweke chini. Wanawake waliotoka bila buibui walikaa wamewapa wanaume mgongo, na wanaume wakatazama baharini. Bwana mmoja mkubwa wa mtaa wetu, ambaye tulizoea kunyamaza anapopita, alitoka na shuka na fulana yenye matundu, akakaa chini katikati ya watu. Wakamsalimia. Akaitikia. Mzee mmoja akaanza kuomba dua, na yule bwana akaitikia amina pamoja na wengine.

Kisha maneno yakaanza. Kila mtu alieleza alikuwa wapi: huyu alikuwa msalani, yule alikuwa amelala akadhani mumewe anamtikisa. Wakacheka. Wakaeleza tena, na kila walipoeleza tetemeko likawa refu zaidi. Kijana mmoja alisema ni meli imelipuka bandarini, mwingine akasema ni mabomu ya Wareno wa vita vya kule kusini, watu wakamwambia Wareno wako mbali, nyamaza. Hakuna aliyesema alidhani nini mwanzo kabisa, kabla ya kujua.

Lakini niliona wengine wanafika wamechelewa. Nyumba nzima nzima, familia kamili, wanawake wamevaa mabuibui yao sawasawa, mmoja ana bahasha ya hati kifuani, mwingine kamvisha mtoto viatu. Mtu anayekimbia tetemeko hapati nafasi ya kufunga viatu vya mtoto; hao walikuwa wamejifungia kwanza, kama sisi. Macho yangu yakakutana na ya msichana niliyesoma naye. Akayageuza pembeni, nami nikayageuza yangu.

Nilikaa na mtoto wa mama wa juu mapajani nikiusubiri woga. Nilifikiri umechelewa tu, utakuja. Haukuja. Mtoto alilala, mguu wangu ukafa ganzi, nikauacha.

Ardhi ikatikisika tena, mara hii kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Watu wakapiga takbira. Halafu tukasikia mporomoko upande wa nyumba zetu, na vumbi jeupe likapanda juu ya mapaa.

"Ni yetu?" mama akauliza.

Mama wa juu alisimama akatazama.

"Yetu," akasema.

Baadaye tuliambiwa kilichoanguka ni kipande cha ukuta wa chumba chetu, sehemu ya dirisha, pamoja na boriti na mawe ya juu yake. Palipokuwa pamelala bibi pakajaa kifusi mpaka kiunoni. Mama aliposikia alisema, "Haya." Akamfunika bibi miguu.

Mume wa mama wa juu alifika mbio kutoka bandarini, gunia la kazi bado begani. Akawagusa watoto wake kichwani, mmoja mmoja. Kisha akamjia mama yangu, akachuchumaa mbele yake.

"Bi Mkubwa, kule ndani hakurudiki leo. Twendeni Ng'ambo kwa dada yangu. Nyumba yake ya udongo na makuti. Ikianguka, utaangukiwa na makuti."

Mama hakuwa amevuka kwenda Ng'ambo tangu baba achukuliwe. Sokoni alikomea upande wetu. Maziko ya Ng'ambo alinituma mimi. Nilimtazama nikijua atakataa, na nilikuwa nishatayarisha maneno ya kumkatalia kwa adabu.

"Bibi hawezi kutembea," mama akasema.

"N'tatafuta gari la hamali."

Akaenda akaja nalo. Tukamlaza bibi juu ya magunia, na mama akatembea kando yake, mkono kwenye ubao wa gari. Tulipofika kwenye barabara inayotenga mji na Ng'ambo alisimama. Nami nikasimama. Gari la hamali likaendelea kwa sababu aliyelivuta hakujua. Mama akalifuata.

Dada wa yule mchukuzi alikuwa mwanamke mnene aliyekuwa akikaanga samaki barazani. Hata tulipomwambia kuhusu nyumba hakuacha kugeuza samaki. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Piteni ndani." Akatandika mikeka, akatuletea chai na muhogo wa kuchemsha. Aliuliza jambo moja tu, kama bibi anakula pilipili.

Tulikaa pale hadi watu wa serikali walipokwenda kuikagua nyumba, na walichelewa. Kule Ng'ambo nyumba zilikuwa karibu karibu, kila kitu kilisikika, na bibi alipenda hivyo. Alianza kula. Majirani walikuja kumtazama, akawasimulia tetemeko, na katika maneno yake yeye ndiye aliyesema tufungue mlango. Hatukumsahihisha.

Siku moja mama na mama wa juu walikuwa uani wakimenya muhogo, mimi nikichota maji karibu nao. Mama akasema, bila kuinua kichwa:

"Siku waliyomchukua mume wangu, mlango ulipigwa kama ulivyoupiga wewe."

Mama wa juu aliendelea kumenya. Ganda la muhogo likatoka refu, likaanguka.

"N'najua," akasema. "N'liona kile kiti." Akachukua muhogo mwingine. "Na mimi n'lijifungia, siku zile. Mume wangu alikuwa nje. Akaja kugonga, sikumfungulia. Nilisikia sauti ni yake, na sikumfungulia. Kesho yake tulimkuta barazani."

"Mzima?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi," mama akasema, na nadhani alisema kwa moyo.

Wakamaliza muhogo. Nilisimama na ndoo mkononi nikingoja mmoja wao alie. Hakulia mtu. Mama wa juu akaomba ndoo, nikampa, wakaosha muhogo, ukapikwa, tukala.

Watu wa serikali waliikagua nyumba, wakasema ghorofani hakukaliki. Mchukuzi na familia yake wakakaa kwa dada yake mpaka walipopewa nyumba katika majumba mapya ya Michenzani yaliyokuwa yakijengwa. Mimi na mama tulirudi kwenye kile chumba kilichobaki. Kile kingine tulikiziba kwa mbao. Bibi alikataa kurudi. Alisema nyumba ya mawe imemchosha. Tukamwacha Ng'ambo, tukawa tunakwenda kumtazama kila siku, na mama akazoea kuvuka ile barabara akiwa na kikapu cha chakula kama mtu yeyote mwenye mgonjwa upande wa pili. Bibi alifia kule kabla ya mwezi wa Ramadhani. Wanawake wa mtaa ule ndio waliomwosha, pamoja na mama yangu na mama wa juu. Nilishika mkono wa bibi ukiwa bado laini, na nikaona kwamba, kati yake na mwanawe, sasa tuna kaburi moja la kuzuru. Hilo ndilo nililolifikiria. Sikupata fikra nyengine.

Mama wa juu alipohamia Michenzani alitualika. Ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, safi, inanuka rangi, na watoto walikimbia huku na huku kwa sababu sakafu ilikuwa haina mashimo. Alitupikia wali wa nazi, mchele ambao sijui aliupata wapi mwaka ule. Kutoka dirishani uliona mapaa ya makuti na ya mabati, na mbele zaidi mji wa mawe, na hukuweza kuitambua nyumba yetu katika nyingine.

Mama alikula. Akanawa. Akasimama dirishani kwa muda.

"Na hapa juu," akauliza, "ikitikisika, mnatokea wapi?"

Mama wa juu akampeleka mlangoni, akamwonyesha ngazi. Mama akavua viatu vyake akavishika mkononi, akateremka peke yake mpaka chini kabisa. Tulizisikia nyayo zake zikishuka, kimya kidogo, kisha zikipanda. Aliingia akihema. Akakaa mkekani, akaomba maji ya kunywa, na mama wa juu akaenda kumletea.