Karatasi ya Katikati

Mume wangu, Kuwabara Iwao, ni kinyozi, na watu wote wa mtaa wetu hapa Takaoka wanamdhania mpole. Mimi niliyeishi naye tangu nikiwa na meno yangu yote najua kwamba ni mlafi. Si mlafi wa chakula. Ni mlafi wa picha za kale, zile za karatasi zilizochapwa kwa vibao vya mbao enzi za masamurai, ambazo mababu zetu walizinunua kwa bei ya bakuli la tambi na wakishazichoka wakafungia vikombe. Amezijaza nyumba nzima. Zipo chini ya mikeka, zipo nyuma ya kioo cha kunyolea, na mwaka mmoja nilifungua pipa la mchele nikakuta mcheza maigizo ananikodolea macho. Siku hiyo nikapiga marufuku: haiingii karatasi nyingine katika nyumba hii. Akaitikia kwa adabu kubwa, na papo hapo nikajua ananidanganya.

Pamoja na wingi wote huo, iliyomkosesha raha ni ile asiyokuwa nayo. Alikuwa na karatasi mbili za picha moja ya karatasi tatu, zile za kupangwa bega kwa bega. Ya kulia ina mjakazi juu ya daraja, upepo umempandisha nguo, naye anacheka mpaka ameshika mbavu. Ya kushoto ina muuza samaki aliyeachama na mbwa aliyeinua pua. Wote watatu wanatazama katikati, na ya katikati ndiyo haipo. Kila mwaka mpya mume wangu alizitandaza hizo mbili, akaacha nafasi kati yake, akaniuliza, "Sasa huyu anacheka nini?"

"Anakucheka wewe," nilimjibu kila mwaka.

Mtu pekee aliyeyaelewa maradhi yake ni Isurugi Tokuzo, fundi wa kusubu kengele za shaba, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Naye alikuwa mgonjwa wa maradhi yaleyale. Urafiki wao ulikuwa wa kuoneana wivu tu. Mmoja akipata picha hakutulia mpaka amekwenda kumringia mwenzake, na mwenzake aliitazama, akaguna, akatafuta kasoro, kisha akarudi kwake kununa hadi usiku. Kila Jumatatu, siku ambayo sisi vinyozi hatufungui, walicheza shogi, sataranji ya kwetu, nyumbani kwa Tokuzo, wakisogeza kete zao na kutukanana taratibu mpaka mkewe, Mama Isurugi, aanze kupakua chakula.

Kisha Tokuzo akafa. Mume wangu alizika, akahudhuria na ibada ya siku ya arobaini na tisa, halafu akaingia mitini. Hakukanyaga tena nyumba ile. Nikimwambia nenda kamwashie mwenzio udi, anasema ana kazi nyingi. Kazi gani, na wanaume wa mtaa huu wote wana vipara? Nilikasirika, maana Mama Isurugi alikuwa akiniuliza habari zake kila tulipokutana sokoni, nami nilichoka kusema uongo.

Majira ya baridi yaliyopita nikashikwa na mafua. Ubao wa matangazo ya mtaa, ule unaopita nyumba hadi nyumba, ukabidi aupeleke yeye kwa Mama Isurugi. Ni kazi ya kuupokeza mlangoni na kugeuka. Alikawia hadi chai yake ikapoa, na aliporudi masikio yalikuwa mekundu.

"Mama Isurugi hajambo?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Uliyempelekea ubao."

"Aa, hajambo. Milango yake ya karatasi imechakaa, maskini. Nitakwenda kuibandika karatasi mpya. Bure."

Nyumbani kwetu mlango wa chooni una tundu la kupitisha ngumi, na hajawahi hata kuugusa.

Basi ikawa Jumatatu baada ya Jumatatu, anaondoka na ndoo ya gundi na brashi, ndevu amenyoa. Haikuchukua muda muuza tofu akaniuliza, kwa sauti ya kunihurumia, kama mume wangu ni mzima. Mke wa mwenye hamamu hakuniuliza kitu, alinishika tu mkono, nayo hiyo ni mbaya zaidi. Jumatatu iliyofuata nikavaa koti nikamfuata.

Nilimkuta amepiga magoti ndani ya aproni ya maua ya mama wa watu, gundi hadi kwenye nyusi. Mama Isurugi amekaa kando anakunywa chai na kumwelekeza kwa kidole.

"Pembe ile ina mkunjo, Bwana Kuwabara. Bandua, urudie." Kisha akaniona. "Karibu, Fumiyo. Nilikuwa najiuliza utakuja lini. Nimepika samaki kwa figili, na huyu wako anakula chakula cha watu wawili."

Nikaenda kwanza kwenye kabati la marehemu, kama anavyofanya kila aingiaye kwa watu waliofiwa. Nikawasha udi, nikagonga kikengele, nikamwinamia Tokuzo kwenye picha yake. Nilipogeuka nikaona Mama Isurugi anamtazama mume wangu, na mume wangu anautazama mlango mmoja, ule wa chumba walichochezea shogi. Chini yake paka wa nyumba ile alikuwa ameuchana. Katika mchano palionekana kipande cha rangi, upana wa vidole viwili hivi: mbao za daraja. Nimezipangusa vumbi zile karatasi zake mbili vya kutosha kulijua daraja lile popote. Nikatamani kummwagia ndoo ya gundi kichwani.

"Mama," akasema mume wangu, sauti laini kama anamnyoa hakimu, "naona nimebakiza huu mmoja tu."

"Huo bado."

"Lakini paka ameuchana."

"Najua. Niliupaka unga wa samaki mkavu mimi mwenyewe ili auchane."

Brashi ikamponyoka.

"Bwana Kuwabara," akasema yule mama, na sasa hakuwa akitania, "umepita mbele ya mume wangu mara ngapi tangu uanze kazi hii? Hata anayekuja kusoma mita ya gesi humsalimu kabla ya kusoma mita yake. Wewe siku ya kwanza ulimpa mgongo, ukaenda kuupigia magoti mlango."

Niliona aibu mpaka nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mume wangu alivua aproni, akaikunja, akaenda kukaa mbele ya kabati. Kijiti cha kwanza cha udi kilimvunjikia mkononi. Cha pili kilishika moto.

"Nilishindwa," akasema bila kugeuka. "Nikifika hapa nauona ubao wa shogi."

"Na mimi nauona kila siku," akajibu Mama Isurugi.

Kisha yule mama akamimina chai na kutueleza mambo yote. Karatasi ile Tokuzo aliipata Kyoto, alipopeleka kengele ya hekalu. Alijua fika mwenzake anazo mbili za pembeni. Akaibandika ndani ya mlango kwa pembe za juu tu ili isiharibike, akaifunika kwa karatasi nyeupe, na tangu hapo kila Jumatatu akamkalisha mgeni wake palepale.

"Ati upepo hauingii upande huo," akasema mume wangu polepole.

"Ndivyo alivyokuambia."

"Kwa hiyo nilikuwa nimeiegemea."

"Kwa mgongo wako wote. Akaniambia, 'Nikitangulia mimi kufa, mpe, lakini aje mwenyewe.' Hukuja. Nikamtuma paka."

Akampa ruhusa ya kuugusa mlango ule. Mume wangu aliibandua karatasi nyeupe kwa upande butu wa wembe, akibana pumzi kama anayembeba mtoto aliyelala. Katikati ya daraja alisimama samurai mnene, kipara kinang'aa, anainyooshea mikono kofia yake, ambayo upepo umeitundika juu ya mwavuli wa bibi mmoja anayejiendea zake hana habari. Rangi zote zilikuwa nzima.

Tukarudi nayo nyumbani, nami ile marufuku sikuitaja. Akazipanga zote tatu mkekani, daraja likaungana toka ukingo hadi ukingo. Nilingoja aruke kwa furaha. Akakaa tu.

"Unaionaje?" akaniuliza.

"Nzuri."

"Nzuri," akasema naye, uso umemporomoka. "Sasa nimuumize nani nayo?"

Akazikusanya zote tatu, akatoka na ndara za ndani kwenye theluji, nami nyuma yake na mabuti yake mkononi. Kwa Mama Isurugi hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la marehemu, akazitandaza mbele ya ile picha.

"Haya, tazama. Ninazo tatu. Wewe una ngapi, mwizi mkubwa wewe? Mgongo wangu, Tokuzo. Mgongo wangu."

Akalia. Kwenye maziko hakulia, hata kwa mama yake hakulia, na sasa alilia kwa sauti, kamasi zikimtiririka, na mimi niliyekuja na hasira zangu zote nikajikuta namsugua bega kwa buti nililokuwa nimelishika. Alipopoa, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mama," akasema, "nikishaondoka, alikuwa anacheka?"

"Kila Jumatatu."

"Anacheka vipi?"

Mama Isurugi akavuta mto wa kukalia, akauzamisha uso wake humo ili majirani wasisikie, akacheka kicheko cha mumewe, kile kizito cha kukwamakwama, mabega yakitikisika, kisigino kikipiga mkeka, mpaka paka akakimbilia jikoni. Alipouinua uso ulikuwa umelowa.

"Hivyo," akasema.

"Rudia," akasema mume wangu.