Nilivyomwacha Mama Mkwe Kisiwani

Meli yetu iling'oa nanga saa tano asubuhi, na ubao wa mlangoni ulionyesha kwamba abiria wote sitini na wawili tumo ndani.

Mama mkwe wangu alikuwa bado kisiwani.

Na aliyeudanganya ubao ni mimi.

Ngojeni niwasimulie taratibu, maana jambo hili nimelibeba miaka miwili na nimechoka. Mtakaonitukana, tukaneni tu, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mume wangu alipewa zawadi ya mapumziko kazini kwake: watu wawili, siku saba melini, kuzunguka visiwa vidogo ambavyo vingi havina hata mkazi mmoja. Siku mbili kabla ya safari, bosi wake akamzuia. Mashine imeharibika na fundi ni yeye.

"Nenda na Mama," akaniambia. "Mtapata muda wa kuzoeana."

Kuzoeana! Miaka tisa ya ndoa, bado tunazoeana.

Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Ila ana mdomo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na hakuwahi kuniita mkwe wala mwanangu. Alikuwa ananiita "Mwalimu", tena kwa sauti ambayo ukiisikia unaanza kujiuliza umekosea nini.

Asubuhi ya siku ya nne, mezani, mbele ya watu tuliokuwa tunakula nao, akasema, "Huyu Mwalimu wetu anahangaika na watoto wa watu mpaka basi. Mwanangu mimi shati anajipigia pasi mwenyewe."

Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha kulazimisha. Ndani nilikuwa nawaka moto.

Sasa niwaeleze kuhusu ule ubao. Meli yetu ilikuwa ndogo, haina mambo ya kadi wala kompyuta mlangoni. Ilikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari kinaning'inia kipande cha mbao chenye namba yako. Upande mmoja mwekundu, mwingine mweupe. Ukishuka unageuza kiwe chekundu, ukirudi unageuza kiwe cheupe. Ubao ukiwa mweupe wote, meli inaondoka.

Siku ya kwanza nahodha alitusisitizia: "Kila mtu ageuze chake kwa mkono wake. Hata mke asigeuziwe na mumewe."

Tuliitikia wote, kama darasa.

Basi siku hiyo ya nne tukashushwa kwa boti mbili ndogo, zikienda na kurudi mara kadhaa, maana meli haiwezi kusogelea miamba. Kisiwa kitupu. Mchanga na vichaka, hakuna duka, hakuna bomba la maji, kimya kabisa. Mama akaanza kuokota makombe. Mimi nilikuwa nimenuna, nikakaa mbali naye. Ilipopigwa filimbi ya kurudi nilimwona anakusanya vitu vyake, nikapanda boti ya kwanza bila kumuaga.

Nikafika ubaoni. Nikageuza changu. Cha Mama kiko pembeni, chekundu.

Mkono ukageuza na hicho.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Shuleni kwetu kuna kitabu cha mahudhurio, na kila asubuhi hakosekani mwenzetu anayepiga simu: "Nisainie, niko getini." Unamsainia. Dakika kumi baadaye yuko ofisini anakunywa chai, hakuna aliyeumia. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Kwangu mimi Mama alikuwa getini. Na kusema ukweli, sikutaka anikute pale mlangoni nikimsubiri.

Nikapanda juu, nikatafuta kiti, nikajifunika kofia usoni. Usingizi ukanichukua.

Saa saba nikashuka kula. Kiti chake kitupu. Nikasema moyoni, leo kanuna yeye. Nikamaliza supu yangu.

Mhudumu akaniuliza, "Mama hali leo?"

Nikaenda chumbani. Kitanda kimetandikwa. Vidonge vyake vya presha viko juu ya meza, havijaguswa. Bafuni hayupo. Juu hayupo. Nikazunguka meli yote, mara mbili.

Nikakimbilia kwa nahodha.

Mtu wa miaka sitini na minane, mwenye presha, kwenye kisiwa kisicho na tone la maji ya kunywa, jua la saa saba. Na sisi tulikuwa tumeshatembea saa mbili.

Nilipotoa taarifa, nahodha alikwenda moja kwa moja kwa baharia anayesimamia ubao, mtu mzima mwenye mvi zake.

"Namba ishirini na nne nani kaigeuza?"

"Sijui, nahodha. Nilikuta ubao mweupe wote."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kusaidia kupandisha boti."

"Basi hii ndiyo safari yako ya mwisho."

Nilikuwa nimesimama palepale. Nikajiambia, nyamaza, meli itageuzwa tu, hata usiposema. Nilinyamaza mpaka nilipoona kibarua cha mtu wa watu kinaota nyasi mbele ya macho yangu, anavua redio kiunoni.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyegeuza."

Nahodha akanigeukia. "Ulimwona amepanda?"

"Hapana."

"Sasa uligeuza kwa nini?"

Nimsimulie habari za kitabu cha mahudhurio?

Nyuma yangu, mama mmoja tuliyekula naye asubuhi akamnong'oneza mumewe, ila kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Si yule aliyesemwa habari za pasi?"

Habari ikaenea kabla meli haijamaliza kugeuka. Kila aliyenitazama aliona mwanamke aliyemtupa mama mkwe wake. Na kibaya zaidi, sikuwa na uhakika wa kuwabishia.

"Maji yakianza kutoka saa kumi," nahodha alisema, "boti haivuki miamba mpaka kesho. Omba Mungu."

Niliomba. Saa mbili nzima nilisimama mbele ya meli na chupa ya maji na vidonge mkononi. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo hapa sitayataja.

Saa tisa na nusu tukashusha boti, mimi na dereva wake. Chini ya boti tulisikia miamba inaparuza. Tukafika.

Ufukweni hakuna mtu.

Makombe yake yamepangwa vizuri juu ya mtandio. Viatu viko pembeni. Mwenyewe hayupo.

Nikamwita mpaka koo likaniuma. Tukafuata nyayo, zinaingia vichakani, zinatoka, zinarudi tena. Tulipotokea upande wa pili wa kisiwa ndipo nikasikia sauti imekauka, inakaribia kukatika.

"Mwalimu! Mwalimuuu!"

Ndugu zangu! Sisi tunamtafuta yeye, na yeye ananitafuta mimi.

Dereva wa boti akashika kichwa. "Huyu Mama alikuwa ameshakaa kwenye boti yangu," akasema. "Akaniuliza mkwe wake yuko wapi. Nikamwambia bila shaka ametangulia. Akashuka. Akasema, 'Yule hata akinuna lazima aniage. Hajaniaga, basi bado yuko humu.' Nilijua atakuja na boti ya mwisho."

Na wa boti ya mwisho alijua kapanda iliyotangulia. Walipofika melini, ubao mweupe.

Mama alikuja anachechemea, nyayo zimechanwachanwa na mawe. Akanikamata mabega, akanitikisa.

"Ulikuwa wapi wewe? Mwanangu ningemwambia nini?"

Nilipiga magoti palepale mchangani nikamwambia kila kitu. Ubao, kipande chake, hasira zangu. Alinisikiliza huku anakunywa maji. Alipomaliza chupa akasema, "Nyanyuka. Maji yanatoka, tusije tukalala hapa."

Basi. Akatangulia kwenye boti.

Tuliporudi nyumbani, mume wangu alikuwa ameshapata habari nusunusu. Akamuuliza mama yake ilikuwaje. Nikajikaza, nikasubiri kupondwa.

"Nilizubaa na makombe, boti ikaniacha," Mama akasema. "Uzee huu! Mkwe wangu ndiye aliyerudi kunichukua."

Ile ndiyo mara ya kwanza kuniita mkwe wangu. Na mimi nikaipokea hivyohivyo, na uongo wake.

Tangu hapo ukoo mzima unamtania. Wanamwita Bibi Kisiwa. Yeye anacheka nao. Mimi natazama pembeni.

Ningeendelea hivyo mpaka kufa, sasa Jumapili iliyopita wifi yangu akaitisha kikao.

"Mama hawezi tena kukaa peke yake," akasema. "Mtu anaachwa na meli mchana kweupe, kesho si ataacha jiko linawaka? Nyumba yake ifungwe, aje kwangu."

Wote wakaafiki. Hata mume wangu. Nyumba yenyewe Mama ameijenga na marehemu baba mkwe, tofali moja moja, na kila chumba anakijua gizani.

Mama akanitazama mara moja tu. Akainamisha macho. "Mkiona hivyo, sawa," akasema.

Neno moja langu lingetosha. Nikainuka, nikakusanya vikombe, nikaenda kuviosha.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nilichojifunza ni hiki: mtu akikufichia kosa lako, usijidanganye kwamba limekwisha. Limehamia kwake, na yeye ndiye anayelilipia huku wewe unapumua.

Simulizi hii sikuanzia kwenu. Nimeituma kwanza kwenye kundi la familia, dakika ishirini zilizopita, neno kwa neno kama mlivyoisoma. Mpaka sasa watu saba wameifungua na hakuna aliyeandika kitu.

Simu inaita. Ni wifi yangu. Ngoja nipokee.