Vibanio vya Dobi

Kabla watu hawajamwita Mama Vibanio, alikuwa dobi tu, mtoto mgongoni, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Alifua nguo kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, kazi ya kibarua: leo yupo, kesho haitwi.

Siku moja msimamizi akamwita yeye na dobi mwenzake.

"Wanakuja mafundi wa mitambo, watakaa miaka miwili. Wanaongea Kihispania, Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Nitaajiri dobi mmoja kwa mkataba, yule atakayeelewana nao."

Mwenzake alifika sekondari, Kiingereza chake kikitiririka kama bomba lililosahauliwa wazi. Yeye aliishia darasa la saba. Ila alikuwa na kamusi kuukuu ya Kiingereza na Kihispania, iliyotupwa na mgeni mmoja. Akaifungua kwenye neno alilolijua tangu shule: get. Alidhani ni kupata, basi. Kumbe neno lenyewe limekalia kurasa mbili, kama ukoo uliokuja msibani ukagoma kuondoka. Get ya kupata, Wahispania wanasema conseguir. Ya kupokea, recibir. Ya kuleta, traer. Ya kufika, llegar. Ya kuelewa, entender. Ya kulowa ni mojarse, na ya kufunga ndoa ni casarse.

"Waingereza wavivu, mama," alimwambia mama mkwe wake. "Neno moja wanalituma kila mahali, kama mtoto wa pekee."

"Na hao wengine?"

"Kila kazi ina mtu wake."

Daftari hakuthubutu, mtoto angelitafuna. Akaandika maneno kwenye vibanio vya nguo, upande mmoja Kihispania, upande wa pili Kiswahili. Kila alipobana shati kambani alilitamka neno. "Traer, kuleta. Llegar, kufika." Mtoto mgongoni akawa anaitikia, "Yee."

Mama mkwe alimtazama, akamwambia mtoto, "Mjukuu wangu, baba yako alioa mtu mwenye akili zake. Sasa mama yako anaongea na vijiti."

Wageni walipofika, kila dobi akapewa furushi la majaribio. Siku ya kurudisha, mtoto akachemka homa, dobi akakimbia naye zahanati. Mama mkwe akabaki, akaanua nguo, akakunja. Ili mikunjo isifumuke, akabana kila shati kwa kibanio, kisha akazipeleka mwenyewe. Kusoma alikuwa hajui.

Kesho yake dobi akaitwa ofisini. Fundi mmoja, kipara, ameshika shati lake la njano. Kwenye kola, kibanio: casarse, kufunga ndoa.

"Nguo zimerudi na posa," alisema msimamizi, uso mkavu.

"Hongera, shoga," mwenzake akadakia. "Na mume wako umemmwaga lini?"

Dobi alitamani sakafu immeze. Kazi ndiyo hiyo imekwenda. "Ni mama mkwe wangu aliyebana, bosi."

"Mama mkwe wako ndiye anayekuoza?"

Fundi akaonyesha pete kidoleni, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo, kisha akacheka mpaka akafuta macho. Akanyoosha mkono aone vingine. Dobi akamimina vibanio vya kwenye aproni juu ya meza. Fundi akavipekua, akachagua traer, akakibana kwenye mfuko wa nguo chafu aliokuja nao, akagusa Ijumaa kwenye kalenda. Msimamizi akageuza kibanio, akasoma: kuleta.

Dobi akatafuta entender, kuelewa, akakibana kifuani pake.

Mwenzake akaanza kumweleza fundi kwa Kiingereza kirefu. Fundi alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Jumatatu uje usaini mkataba," msimamizi alimwambia dobi. "Na hivyo vijiti vyako vyote."

Mama mkwe alipopewa habari hakushangaa hata kidogo. "Nilichagua chenye mwandiko mzuri," alisema.

Kibanio cha casarse dobi alikificha juu ya kabati. Mama mkwe akakitafuta, akakipata, akabania mfuko wa sukari.