Mguu wa Mama Kwenye Televisheni

Mwanangu, siku ile naikumbuka mpaka leo, maana sebule ya jirani yetu Papa Mwape ilijaa watu, kisha ikanyamaza kama kuna msiba.

Tulikuwa tunamngoja Bernar atokee kwenye televisheni. Alikuwa mtoto wa injinia mmoja Mbelgiji wa migodi ya Kambove, karibu na Likasi yetu, na mama yangu Kapinga, ambaye wewe hukumkuta, ndiye aliyemlea tangu uchanga hadi wazazi wake waliporudi kwao. Huko Ulaya Bernar akawa mwigizaji. Alianza na vijisehemu vidogo: dereva, mhudumu wa hoteli, mtu wa kupigwa risasi mapema. Kisha wakampa kazi ya mtumishi anayechechemea katika mchezo mmoja wa kuchekesha, na hapo ndipo jina lake lilipopanda. Zikaja filamu, zikaja tuzo. Mama alikuwa anajivunia kama amemzaa yeye. Siku ile alivaa kitenge cha misa.

Mtangazaji akamuuliza Bernar yule mtumishi alimtoa wapi. Bernar akatabasamu, akasimama, akaanza kutembea.

Alikuwa anatembea kama mama. Mguu wa kushoto ukiburuta, bega likishuka kila hatua. Hata Kifaransa cha mama cha kuvunjika alikitoa vilevile, akiita mtoto aje kula. Watu wa studio walicheka hadi wakajifuta machozi.

"Ni mlezi wangu wa Kongo," akasema. "Alizaliwa hivyo, maskini. Nilianza kumwigiza nikiwa mdogo kabisa."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mama. Papa Mwape akanyanyuka azime, mama akamzuia.

"Acha, Papa. Miye nataka kuona mpaka mwisho."

Akaangalia mpaka mwisho. Kitu pekee alichofanya ni kuvuta kitenge kikafunika goti.

Miezi ikapita, na Bernar mwenyewe akaja Likasi na watu wa kamera, kutengeneza filamu ya maisha yake. Alipomwona mama alimkumbatia akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Mama alimpikia bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele. Walipomaliza kula, Bernar akamwomba atembee kutoka mlangoni hadi barabarani wampige picha.

"Fanya weye kwanza," mama akasema. "Nilikuona mu televizio. Fanya tena hapa, nikuone na macho yangu."

Bernar alicheka kidogo, akasimama. Kabla hajainua mguu, mama akaendelea, bila kupandisha sauti.

"Ulikuwa mu mugongo yangu. Ngazi ya kwenu ilikuwa na sabuni, nikateleza. Kama ningeangukia mugongo, ningekuponda. Njo maana nikageuka, nikaangukia goti. Weye hata kulia hukulia."

Hata mimi, binti yake wa kumzaa, siku zote nilidhani alizaliwa hivyo.

"Maman," Bernar akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mutoto. Mutoto hawamupi muzigo kama ile. Bon, sasa fanya. Niko naangalia."

Hakuweza, mwanangu. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya kumbi nzima alisimama katikati ya chumba chetu, mguu ukamkatalia. Mwisho akakaa chini kwenye sementi. Mwenye kamera aliishusha bila kuambiwa.

Kesho yake alirudi peke yake. Akamuuliza mama afanye nini na ile filamu.

"Kazi ni yako, sikuzuii," mama akamjibu. "Lakini kama unanicheza, unicheze yote."

Akakubali. Mama akasimulia mbele ya kamera akiwa amekaa, na filamu ilipotoka hakuna mahali Bernar anapochechemea. Lakini ule mchezo wa zamani, nasikia, bado unaonyeshwa huko, na watu wanacheka. Huo hakuweza kuurudisha.

Sasa wewe. Juzi nilikuona kwenye simu yako, umevaa kofia ya yule mzee muuza mikate, mikono yako ikitetemeka kama yake, na watu wengi wamekuwekea vicheko. Kipaji unacho, sikuambii ukiache. Nakuambia hivi: kabla ya kumchukua mtu umfanye kicheko, nenda ukakae naye. Muulize mikono yake ilianza lini kutetemeka, na ilikuwa inashika nini. Akishakuambia, utajua mwenyewe kama bado unataka kuchekesha. Na ukimcheza, awe anaweza kukaa mstari wa mbele akikutazama, nawe usishindwe kuinua mguu.

Nenda na amani. Mungu akukuzie jina, likavuke mipaka ya Likasi. Akupe na macho ya kumwona mtu, siyo mguu wake tu.