Moja kwa Mwenye Ndoa

Ilitangazwa rasmi, mwaka wa 1994, kwamba tangu siku hiyo kila mlipa kodi atajikadiria kodi yake mwenyewe, kwa sababu hakuna aijuaye hali ya nyumba kuliko mwenye nyumba. Tangazo lilibandikwa Kitui mjini, kwenye mlango wa ofisi ya mradi mmoja wa maji. Syokau, karani wa hesabu wa mradi huo, ambaye nyumbani kwake Migwani hakukuwa na maji, alilisoma mara mbili akaliamini.

Nyumba yake aliijua. Mumewe Kiilu alikufa bila mtoto, na kwa desturi ya Ukambani nyumba ya namna hiyo haiachwi izimike: mjane hutoa mbuzi, akaoa mke, na watoto wa mke huyo wakaitwa kwa jina la marehemu. Mke kama huyo huitwa iweto. Iweto wa Syokau alikuwa Nthenya, binti wa Nunguni, kule milimani ambako mvua huja bila kuombewa. Alikuwa amezaa wasichana wawili, na kwa miaka sita alikuwa akichimbua maji kwenye mchanga wa mto, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mwezi wa Agosti, akipeta ndengu, alimwambia Syokau, ambaye alimwita mwaitu, yaani mama, bila kupaza sauti:

"Mwaitu, mvua ya Novemba ikinikuta bila tangi, nitarudi kwetu na watoto."

Kisha akaendelea kupeta.

Fundi wa matangi ya mabati alitaka elfu nne. Syokau hakuwa nazo, lakini mradi ulikuwa na kompyuta, na mhasibu, Ndeti, alimruhusu kuitumia saa ya chakula. Alifungua jedwali. Safu ya kwanza akaandika mishahara ya miaka mitatu, na chini yake fomula ya kujumlisha. Safu ya pili, kodi aliyokatwa. Safu ya tatu, kodi aliyostahili kukatwa, nayo ilitegemea kisanduku kimoja tu: ukiandika moja, mashine inakupa nafuu ya mwenye ndoa, ukiandika sifuri, unapata ya mtu aliye peke yake. Alijaribu sifuri, hakukuwa na cha kurudishiwa. Alijaribu moja, zikatokea shilingi elfu nne na ishirini. Tangi, na chai ya fundi.

Ndeti alichungulia begani, akasema anamwonea wivu huyo mke, kupata mume asiyekunywa wala kuomba nauli.

"Mbuzi nilitoa, tena wote," Syokau alimjibu. "Wewe wa kwako umebakisha wangapi?"

Ndeti alirudi mezani pake.

Fomu ilitumwa, jedwali limebanwa nyuma yake. Katikati ya Oktoba ilirudi pamoja na wito. Ofisa wa kodi alikuwa mtu wa adabu. Alisifu hesabu, akasema tangu aanze kazi hajaona fomula safi kama hizo. Tatizo lilikuwa cheti cha ndoa.

"Mume wako ni nani, mama?"

"Alikufa. Mwenye nyumba ni mimi."

"Basi huna ndoa."

"Nina mke."

Ofisa aliigeuza fomu pande zote mbili, kama mtu anayetafuta mlango. Syokau akamweleza kwamba wazee waliokula mbuzi wale wako hai, wanaweza kuletwa wote wanne. Akaambiwa fomu ina nafasi ya sahihi moja.

"Nyanya yangu pia alikuwa na iweto," ofisa alisema. "Nakuelewa kabisa, mama." Kisha akapiga mstari juu ya ile moja ya kwenye kisanduku.

Mvua ya Novemba ilikuja mapema na ikanyesha vizuri. Maji yalishuka kutoka kwenye bati, yakapita uani, yakaenda mtoni kuungana na mengine. Syokau alikinga sufuria tano na karai. Nthenya alingoja mvua ikatike, akafunga nguo za wasichana kwenye leso, akamuaga mwaitu kwa mikono miwili, akashika njia ya Nunguni.

Mwaka uliofuata, saa ya chakula, Syokau alifungua jedwali lilelile akaandika sifuri. Fomu ilikubaliwa bila swali.